Pete mbili za jiwe jekundu: ipi ni yakuti, na ipi isitiwe moto?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi niko Chake Chake. Nina pete mbili za jiwe jekundu. Moja nimeirithi kwa marehemu bibi yangu, dhahabu ya zamani, jiwe lake safi halina hata doa. Ya pili nimeinunua Mji Mkongwe kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Muuzaji aliniambia ni yakuti halisi ya Winza. Aliimulika kwa ile tochi ya kukagulia noti, ikatoa mwanga mwekundu mkali, kisha akakwaruzia kioo mbele yangu. Bei ilikuwa nafuu kuliko nilivyotarajia. Sasa pete ni kubwa kwa kidole cha binti, na sonara wa hapa anataka kuipunguza. Mume wangu ana wasiwasi. Nitajuaje kama ni yakuti ya kweli, na je, nimwache sonara aitie moto?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Nianze na la haraka. Mwambie sonara asiwashe moto mpaka jiwe limetolewa kwenye pete. Akikujibu kwamba yakuti haiogopi moto, bado mwambie alitoe. Sababu nitaieleza, na ndiyo sehemu ya jibu hili ninayotaka uisome kwa makini zaidi.

Majaribio mawili uliyofanyiwa dukani hayakuthibitisha chochote. Kioo cha dirisha ni laini, kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, kiko kama 5.5. Yakuti ni 9, lakini spineli ni 8, ganeti ni 7 na kitu, hata kwazi ya kawaida ni 7. Zote hizo zitakwaruza kioo. Yakuti iliyotengenezwa kiwandani nayo ni 9, sawasawa na ya ardhini. Muuzaji anayekwaruza kioo anakuonyesha tu kwamba jiwe lake si kioo kitupu, na huku anaweza kulimegua ukingo.

Tochi ndiyo iliyonitia shaka zaidi. Yakuti ni oksidi ya alumini, na wekundu wake unatokana na kromiamu kidogo iliyomo ndani. Kromiamu hiyo ndiyo inayowaka nyekundu chini ya mwanga wa urujuanimno, ambao ndio unaotolewa na ile tochi ya noti. Chuma kikiwa kingi ndani ya jiwe, huuzima mwanga ule. Sasa yakuti za Winza, kule Mpwapwa mkoani Dodoma, ambazo zilivuma mwaka 2008, zinajulikana kwa kuwa na chuma kingi. Aghlabu huwaka kwa unyonge, au haziwaki kabisa. Yakuti za kiwandani kwa kawaida hazina chuma cha kutaja, kwa hiyo huwaka vikali mno. Muuzaji ametaja Winza, kisha akaleta ushahidi unaompinga mwenyewe. Huenda jiwe ni la machimbo mengine na yeye hajui, hilo hutokea sana, maana vito hupita mikono mingi kabla ya kuvuka bahari kuja Unguja. Kisiwani kwetu hakuna mgodi wa vito, chini ya miguu yetu mengi ni mawe ya matumbawe. Kila jiwe utakaloliona dukani limeletwa, na habari ya kwao imeletwa kwa mdomo.

Watu wengi huuliza “ni halisi au si halisi?” na kuridhika na jibu moja. Kwa yakuti hapo yamechanganyika maswali matatu: je, jiwe hili ni yakuti kweli? Kama ni yakuti, limetoka ardhini au kiwandani? Na kama limetoka ardhini, limefanywa nini kabla ya kufika dukani? Muuzaji anaweza kuapa kwa haki kwenye swali la kwanza na bado ukapata hasara kwenye la tatu.

Swali la kwanza ndilo jepesi. Majiwe mekundu yanayochanganywa na yakuti ni spineli, ambayo huchimbwa Mahenge na ni jiwe zuri kwa haki yake, pamoja na ganeti na kioo cha rangi. Usione haya kama huwezi kuyatofautisha kwa macho. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, wanaloliita yakuti ya Black Prince, ni spineli, na kwa karne nyingi walioliona waliliamini kuwa yakuti.

Jiwe likiwa nje ya pete, sonara wako anaweza kulipima kwa maji kwa mizani yake hiyo hiyo ya dhahabu. Njia hii ni ya kale, mwanazuoni Al-Biruni alipima vito kwa maji katika karne ya 11. Kwanza apime jiwe likiwa kavu. Kisha aweke gilasi ya maji juu ya mizani na kuirudisha sifuri, alifunge jiwe kwa uzi mwembamba na kulizamisha bila kugusa chini wala ubavuni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Agawanye uzito wa kavu kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 1.20, yaani karati 6, likionyesha 0.30, jibu ni 4.00, na hiyo ndiyo yakuti. Spineli hutoa kama 3.6, ganeti nyingi nyekundu 3.8 hivi. Jiwe lilowanishwe kwanza na kupanguswa kwa brashi laini, kwa sababu povu moja dogo likiganda juu yake huharibu hesabu nzima. Jiwe likiwa chini ya karati 2, mizani ya dukani haina uwezo wa kutosha, msihangaike nayo.

Sasa pete ya bibi. Jiwe kubwa, jekundu la kupendeza, halina doa hata moja, kwenye dhahabu ya zamani. Wengi hudhani uzee wa pete ni dhamana, lakini Auguste Verneuil wa Ufaransa alitangaza njia yake ya kutengeneza yakuti kwa kuyeyusha unga wa alumina, yaani ile oksidi ya alumini, kwenye ndimi za moto mwaka 1902. Tangu hapo yakuti za kiwandani zimetiwa kwenye pete na saa duniani kote, na nyingi zilikuja na pete zilizovaliwa na bibi zetu. Mizani ya maji haitazitofautisha, kwa kuwa ni yakuti kwa kila kipimo. Kinachozifichua ni kukua kwao. Chukua lenzi ya sonara ya kukuza mara kumi, weka karatasi nyeupe nyuma ya jiwe, na uligeuze taratibu chini ya taa. Ukiona ndani yake mistari myembamba iliyopinda, kama ile ya sahani ya santuri, ujue ni ya kiwandani. Ya ardhini hukua kwa mistari iliyonyooka inayokutana kwa pembe. Vipovu vya mviringo vilivyo peke yake ndani ya jiwe navyo ni alama ya kiwanda. Mistari hiyo wakati mwingine hufichama, na zipo njia nyingine za kiwandani zinazoacha mawingu na nyufa zinazofanana mno na za ardhini. Hapo lenzi haitoshi, inahitajika maabara.

Sitakwambia kwa hakika jiwe la bibi ni nini bila kuliona. Lakini usafi wake kamili unanielekeza kiwandani. Yakuti ya ardhini isiyo na doa, kwa ukubwa wa kuonekana kwenye pete, ni adimu na bei yake ni ya kutisha. Ile ya karati 55.22 iliyotoka Montepuez, hapa jirani Msumbiji, iliuzwa New York mwezi Juni 2023 kwa zaidi ya dola milioni 34.

Tuje kwenye pete ya harusi, maana hapo ndipo penye hatari. Tangu kama mwaka 2004 soko limejaa yakuti zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi. Wanachukua yakuti ya ardhini ya daraja la chini kabisa, imepasukapasuka, haipitishi mwanga, ambayo zamani ingetupwa. Wanaisafisha kwa tindikali, kisha wanaijaza nyufa zake kwa kioo cha risasi kilichoyeyushwa. Kioo hicho kinapindisha mwanga karibu sawa na yakuti yenyewe, kwa hiyo nyufa hutoweka machoni na jiwe hutoka jekundu, linang'aa. Litakwaruza dirisha, litawaka kwa tochi, na kwa maji litakaribia 4. Ndiyo maana nasema muuzaji anaweza kuwa mkweli anapoliita yakuti, huku sehemu kubwa ya uliyonunua ikiwa ni kioo.

Likipata moto wa sonara, kioo kile hulainika na kutoka kwenye nyufa. Nimeletewa jiwe la namna hiyo baada ya kulehemiwa pete: juu ya uso wake palikuwa na vitone vidogo vilivyoganda, na ndani mtandao wa nyufa nyeupe ulioanzia kiunoni mwa jiwe hadi katikati. Hakuna wa kulirudisha. Na sonara hakuwa na kosa la makusudi, alifundishwa kwamba yakuti huvumilia moto, na yakuti isiyojazwa huvumilia kweli, ingawa boraksi ya kulehemia ikiigusa moto ukiwepo inaweza kuula uso wake. Maji ya tindikali ya kusafishia dhahabu nayo hula kioo cha risasi. Hata ndimu inatosha. Fikiria binti anakamua ndimu kwenye samaki siku baada ya siku huku pete iko kidoleni.

Kulitambua si kazi ngumu. Chukua lenzi ile ile na taa kali moja, tazama ndani ya jiwe huku ukiliinamisha huku na huku. Penye ufa uliojazwa kioo utaona mmweko wa buluu au wa machungwa unaotokea ghafla na kupotea ukiinamisha zaidi. Yakuti haina buluu ya namna hiyo. Tafuta pia vipovu, lakini hivi ni bapa, vimebanwa ndani ya ufa. Ukiona mimweko na vipovu bapa pamoja, huhitaji maabara, jibu unalo.

Yapo na mengine. Yakuti iliyopashwa moto tu, bila kujazwa kitu, ni jambo la kawaida, na nyingi sokoni zimepitia huko. Mimi sioni aibu kuiuza wala kuinunua, alimradi imesemwa na bei imezingatia. Yapo mawe yaliyopenyezwa beriliamu kwa joto kali ili kubadili rangi, na hayo hakuna lenzi wala jicho la kuyakamata, ni vyombo vya maabara pekee. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, mahali pa kuanzia kuuliza ni Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha. Kwa jiwe la bei nafuu gharama ya safari inaweza kuzidi jiwe, kwa hiyo anza na lenzi.

Fanya hivi basi. Sonara atoe jiwe la pete mpya, alitazame kwa lenzi mbele yako na mume wako, apunguze pete bila jiwe, kisha alirudishe kwa kubana kucha za pete zinazoshika jiwe, bila moto. Mkiona mimweko ya buluu, rudi dukani na risiti. Kama risiti imeandikwa “yakuti” tu, mwombe muuzaji aandike kwa mkono wake kama jiwe limejazwa kioo au la. Anayejua alichouza ataandika. Akikataa, dai fedha zako. Kama ataandika kwamba limejazwa na bei mkaikubali, pete inafaa kuvaliwa harusini, lakini binti aoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini tu, na aivue kabla ya kushika ndimu, siki au dawa ya kuzibulia bomba. Ya bibi nayo ikaguliwe siku hiyo hiyo, lenzi ikiwa mezani.