Kuacha kazi ukiwa bado kipindi cha majaribio: anza na mkataba, malizia na sahihi

Mkuu, umesema una wiki sita tu kazini, uliajiriwa kama mhasibu, sasa kutwa unafukuzana na wadaiwa, na bosi umeshamwambia mara mbili bila mabadiliko. Unauliza uondokeje bila kuchafua jina. Inawezekana kabisa, ila usianze na barua. Anza na mkataba.

Usome upya ukiwa nyumbani. Wengi wana mwezi mmoja kichwani kwa sababu ndiyo notisi iliyozoeleka, kumbe kipindi cha majaribio mara nyingi kina notisi yake fupi, siku 7 au 14, tena imeandikwa kwenye kifungu tofauti. Kisha angalia kama ni siku za kalenda au za kazi. Ukikabidhi barua Jumatatu tarehe 3 na hesabu ikaanza kesho yake, siku 14 za kalenda zinaisha Jumatatu tarehe 17, lakini 14 za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, zinakupeleka mpaka Ijumaa tarehe 21. Ukikosea hapo utaahidi kuripoti kwa mwajiri mpya huku bado una deni la siku nne. Mkataba ukiwa kimya kuhusu notisi, sheria ya kazi ya nchi yako ndiyo inayosimama.

Tafuta pia kifungu cha kurejesha fedha: gharama za mafunzo, za kuhamia, posho ya kujiunga, mshahara uliochukua mapema. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwani kiasi hicho hukatwa kwenye malipo ya mwisho na mtu anashtuka pesa imeshakwenda. Na kama unaondoka kwa sababu umepata kwingine, subiri mkataba wenye sahihi. Ahadi ya simu si kazi.

Wa kwanza kuambiwa awe bosi wako wa moja kwa moja, ana kwa ana, dakika kumi zinatosha. Akisikia kwa wenzako kabla yako, umeshampoteza. Mwambie kazi uliyoikuta si ile mliyokubaliana, umeamua kuondoka, na siku ya mwisho ni tarehe fulani. Akikuahidi nyongeza ya mshahara ubaki, jiulize kama hiyo inaondoa kinachokuondoa. Kwako wewe tatizo ni majukumu, kwa hiyo fedha hazitalitibu.

Barua iende siku hiyohiyo, na iwe fupi. Mfano:

“Natoa notisi ya siku 14 ya kuacha kazi katika nafasi ya mhasibu. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 17 Juni. Nitakamilisha makabidhiano kabla ya siku hiyo. Nashukuru kwa nafasi mliyonipa.”

Tarehe juu, jina na sahihi chini, basi. Malalamiko usiyaweke humo hata kama ni ya kweli, kwa sababu barua inabaki kwenye faili miaka na miaka, na atakayeifungua siku mwajiri mwingine akiomba taarifa zako huenda hakuwepo wala hajui kilichotokea. Chapa nakala mbili. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukituma kwa barua pepe, omba wakujibu kuwa wameipata. Bila uthibitisho huo, mtu anaweza kudai notisi ilianza wiki moja baadaye.

Siku zinazobaki, andika hati ya makabidhiano: kazi zilizo wazi, kila moja imefikia wapi, faili liko wapi, nani wa kupigiwa, tarehe zinazokaribia. Kurasa mbili zinatosha kwa mtu wa wiki sita. Usifute kitu cha ofisi, usijitumie orodha ya wateja. Kompyuta, kitambulisho na funguo virudishwe kwa fomu yenye sahihi za pande zote mbili. Ulizia siku za likizo ulizolimbikiza, tarehe ya malipo ya mwisho na cheti cha utumishi kabla hujatoka, maana ukishatoka kila ufuatiliaji unakuwa safari.

Kuhusu wasifu wako, wiki sita unaweza kuziacha nje. Ila fomu ikitaka waajiri wako wote, au ukiulizwa kwenye usaili, sema ukweli kwa sentensi moja: “Majukumu yalikuwa tofauti na tuliyokubaliana, nikatoa notisi na kukabidhi kazi.” Kisha nyamaza, usubiri swali linalofuata.