Maneno Yakikuishia, Azima ya Zaburi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: "Mama, kuna faida gani kusali kila siku wakati maneno ni yale yale na moyoni sisikii kitu?" Swali hilo si dhambi, usilitubu.

Nadhani shida ni kwamba unasali kwa maneno yako mwenyewe tu, na kinywa cha mtu mmoja kina akiba ndogo: asante kwa kuamka, linda safari, bariki kazi, amina. Baada ya mwezi yanatoka yenyewe huku akili iko kwenye foleni ya daladala. Yesu, ambaye angeweza kusali kwa maneno yake kuliko sisi sote, msalabani alitumia ya Zaburi. "Mungu wangu, mbona umeniacha" ni Zaburi ya 22. "Mikononi mwako naiweka roho yangu" ni ya 31. Nawe azima.

Zaburi ziko 150, kwa hiyo tano kwa siku zinamalizika ndani ya siku 30. Anza na tarehe ya leo, kisha uwe unaongeza 30. Tarehe 7 unapata ya 7, 37, 67, 97 na 127. Tarehe 29 ina mtego, maana inakuangukia ya 119 yenye aya 176. Iache, uisome tarehe 31, ambayo haina zamu. Hizo tano usizisali zote. Zipitie kwa macho, halafu simama kwenye moja inayokugusa, au inayokuudhi. Dakika kumi zinatosha. Wanaoanza na saa nzima ndio wanaoacha wiki ya pili.

Hiyo moja isome kwa sauti, hata ya chini, midomo itembee. Zaburi ya 1 inaposema mwenye heri huitafakari sheria mchana na usiku, neno la Kiebrania pale ni la kunong'ona. Ndilo linalotumika katika Isaya 38:14 kwa sauti ya hua. Na usikimbie. Ushairi wetu una vina vya sauti, ila Waebrania vina vyao ni vya maana: "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake." Kipande cha pili kinalichukua wazo la kwanza na kuligeuza kidogo. Vuta pumzi katikati ya vipande viwili. Hapo ndipo akili inapopata nafasi ya kufika ulipo mdomo.

Sasa yanayoharibu. Simu, kwanza kabisa. Biblia ya kwenye simu ni nzuri safarini, lakini alfajiri ujumbe mmoja ukiingia sala imekwisha; tumia ya karatasi, na usali kabla hujaigusa simu. La pili, siku umefurahi zamu inakuletea kilio. Usiiruke. Kuna mtu unayemjua ambaye leo hana nguvu ya kulia mwenyewe, isali kwa niaba yake. Kisha kuna zile za laana, kama ya 109 na mwisho wa 137, ambazo zinatisha, na zinapaswa kutisha. Ila angalia anayelaani anafanya nini: anamkabidhi Mungu hasira, hachukui panga. Ukiwa na kinyongo na mtu kazini, ni salama zaidi kukimwaga hapo kuliko kwenye kundi la WhatsApp.

(Mwenzako wa chumba akitaja namba tofauti, msibishane. Baadhi ya vitabu vya Kikatoliki hufuata hesabu ya Kigiriki, ambamo "Bwana ndiye mchungaji wangu" ni ya 22.)

Kuhusu kutosikia kitu, nenda Zaburi ya 13. Ina aya sita tu. Aya mbili za kwanza zinauliza "hata lini" mara nne, halafu ya tano inageuka: "Nami nimeitumainia fadhili zako." Katikati hapo hakuna panaposema adui ameondoka au moyo umepata joto. Anamtumaini Mungu akiwa bado na swali lake. Ya 88 haigeuki kabisa. Inaishia gizani, na waliozikusanya hawakuiongezea mwisho mtamu. Kwa hiyo nawe usijikamue furaha ili sala ionekane imefaulu. Sema ulichonacho, funga kitabu, nenda kazini.

Faida yake haionekani siku ile ile. Maneno yanajijaza kidogo kidogo, mpaka siku umesimama nje ya wodi au kando ya kaburi, akili imeganda, unakuta mdomo tayari unayo ya kusema. Siku hiyo huwezi kuanza kuyajifunza.

Usingoje tarehe mosi. Tazama kalenda sasa hivi uanze na zamu ya leo. Ukiruka siku mbili tatu usilipe deni la zaburi kumi na tano, ingia tu kwenye tarehe uliyopo.

Mama yako