Swali la lugha: "Alimtia wazimu" au "alimdanganya"?

SWALI: Ninaandika uhakiki wa filamu ya zamani ya Gaslight. Niliandika kwamba mume "alimtia mkewe wazimu", lakini mwenzangu akafuta na kuandika "alimdanganya". Usemi upi ni sahihi?

JIBU: Semi zote mbili ni Kiswahili fasaha, lakini hakuna hata mmoja unaoeleza sawasawa anachotendewa mwanamke huyo, na ukikosea hapa unamwongezea dhuluma juu ya ile aliyokwisha kuipata.

Kumtia mtu wazimu ni kumfikisha kwenye wazimu. Paula, aliyeigizwa na Ingrid Bergman katika filamu ya 1944 iliyoongozwa na George Cukor, hafiki huko. Mumewe, Gregory, huficha vitu na kumwambia kwamba ni yeye aliyevipoteza. Huondoa picha ukutani kisha humlaumu. Na usiku hupanda darini kwa siri kutafuta vito vya mwimbaji aliyemlea Paula, ambaye Gregory mwenyewe ndiye aliyemuua. Awashapo taa huko juu, taa za gesi chumbani kwa Paula hufifia, naye huaminishwa kwamba ni njozi zake tu. Kumbe macho yake yanaona vizuri, na ofisa wa polisi anapofika anaziona taa hizo zikififia vilevile. Ukiandika "alimtia wazimu", umekubali maneno ya mume.

"Alimdanganya" ni kweli, ila ni finyu mno, maana mtu huweza kudanganywa bei ya kitambaa sokoni na akili yake ikabaki timamu. Kurubuni nako hakufai, kwa sababu kunahitaji chambo. Anachokishambulia Gregory ni imani ya Paula katika kumbukumbu na hisi zake mwenyewe. Mimi ningeandika: "alimchezea akili hadi akaanza kujishuku." Usikidharau kiambishi -ji-, kwani ndicho kinachobeba uzito wa sentensi nzima. Katika filamu ya Suspicion ya 1941, mke anamshuku mumewe kwamba anataka kumuua. Paula anajishuku mwenyewe, na mume ambaye mkewe anajishuku hivyo hana haja tena ya kufunga mlango kwa ufunguo.

Kuhadaa na kushawishi vina mahali pake pia. Katika Rebecca ya 1940, Bi Danvers, msimamizi wa nyumba, anamhadaa bibi mpya avae vazi lililofanana na lile alilowahi kulivaa marehemu mke wa kwanza, kisha, akiwa amesimama naye dirishani, anamshawishi ajirushe. Tendo la kwanza ni la hila, la pili ni la maneno ya waziwazi, kwa hiyo kitenzi kimoja hakiwezi kuyabeba yote mawili.

Kitenzi chako cha awali nacho usikitupe, kwa kuwa utakihitaji ukifika mwisho wa filamu. Gregory amefungwa kitini na anamsihi mkewe amkate kamba. Paula anakishika kisu, kisha anamjibu kama mwendawazimu, jina ambalo mumewe alikuwa akimwita, kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kumsaidia. Hapo andika bila wasiwasi kwamba Paula "anajitia wazimu", kwa maana ileile ya kujitia hamnazo.