Benki ya Toronto inamtilia shaka notari wangu

SWALI: Hamjambo. Nimempa kaka yangu aliyeko Toronto hati ya uwakilishi ili afunge akaunti ya marehemu mume wangu. Notari (wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati) wa Kampala ameithibitisha. Benki inataka ushahidi kwamba huyo ni notari kweli, tena inadai apostili, yaani cheti cha serikali cha kuthibitisha sahihi na muhuri ili hati ikubalike katika nchi nyingine za mkataba wake. Notari amenitumia picha ya cheti chake kwa WhatsApp, akanisihi nisiisambaze. Nimrushie kaka?
Mama Asha, Busia

JIBU: Pole sana kwa msiba, Mama Asha. Usimrushie. Notari wako ana haki ya kuogopa: picha safi yenye sahihi na muhuri ikizagaa, mghushi amerahisishiwa kazi, na sifa za Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala unaosifika kwa hati za kughushi, unazijua. Halafu benki itajuaje kwamba hiyo picha nayo si ya kughushi?

Nimekaa ofisi za mawakili miaka mingi. Hati asilia ukiipitishia kidole juu ya lakiri, ule muhuri wa kubonyezwa kwenye karatasi, unahisi herufi zimeinuka. Ukiigeuza, upande wa nyuma zimebonyea. Kwenye picha ya simu hubaki duara la kijivu tu.

Wa kumshuhudia notari ni walio juu yake. Kwetu Uganda notari ni wakili. Cheti cha unotari hukipata kwa Jaji Mkuu, na leseni yake ya uwakili hutolewa upya kila mwaka na Msajili Mkuu wa Mahakama. Kwa hiyo ipeleke hati yenyewe kwa msajili wa mahakama aithibitishe sahihi ya notari, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, Kampala. Najua Busia ni mbali. Ofisi ya notari inaweza kukupelekea, ila dai risiti za ada zote.

Kuhusu apostili: Kanada ilianza kuitumia tarehe 11 Januari 2024, ndiyo maana benki inaitaja. Uganda haimo katika mkataba wa apostili, na atakayejitolea kukuuzia apostili ya Uganda ni tapeli, mkimbie. Kaka aieleze benki hivyo kwa maandishi, aulize pia kama juu ya muhuri wa wizara wanataka na wa ubalozi wa Kanada.

Benki iking'ang'ania cheti, notari akitume mwenyewe kutoka barua pepe ya ofisi yake hadi kwa afisa anayeshughulikia faili lenu. Kabla ya hapo aandike katikati ya nakala, kwa herufi kubwa, jina la benki na tarehe ya hati yako, isije ikatumika kwingine.