Ephemeral si "ya muda"

Katika tafsiri ninazoletewa kuhariri, neno la Kiingereza ephemeral karibu kila mara huwa limegeuzwa "ya muda". Umaarufu wa muda, uzuri wa muda, starehe za muda. Sikatai, msomaji anaambulia kitu. Ila kitu cha muda ni kama kile kibanda cha mabati pale saiti: kuna aliyekijenga, na kazi ikiisha kuna atakayekibomoa. Hiyo Waingereza wanaiita temporary. Leseni ya muda, ajira ya mkataba wa miezi 6, makazi ya waathirika wa mafuriko, vyote mwisho wake umepangwa na watu. Kilicho ephemeral hakipangiwi mwisho na mtu. Ndivyo kilivyoumbwa, hakikai.

Kwa hiyo ukikutana nalo, jiulize kwanza: hapa anayemaliza ni nani? Kama ni mtu, tarehe au mkataba, mwandishi makini asingeandika ephemeral, na wewe ukiwa unaandika Kiingereza usimwombe mwajiri "ephemeral job". Atacheka.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kigiriki, epi na hemera, yaani la siku moja. Sisi tungesema la kutwa. Zamani matabibu walikuwa wakiita hivyo homa inayokuja na kuondoka ndani ya siku moja. Wanabiolojia nao wakawapa jina la Ephemeroptera wadudu fulani ambao wakishaota mbawa hawali kabisa, maana midomo yao haifanyi kazi tena. Wanapandana, wanataga, wanakufa. Ziwa Victoria wapo: aina iitwayo Povilla adusta huibuka makundi kwa makundi mwezi unapokuwa mpevu, na aliyekomaa huishi saa chache tu. Lakini tunutu wake, yaani mdudu kabla ya kuota mbawa, alishakaa majini miezi kadhaa akitoboa mbao na mafunjo. Hilo nalo tulizingatie: maisha yote ya mdudu huyu si mafupi kiasi hicho, kifupi ni kile kipande tunachokiona.

Panaponikera zaidi ni kwenye ripoti za maji. Ephemeral stream inafasiriwa "mto wa msimu". Hapana. Mto wa msimu una jina lake, intermittent, na hutiririka miezi kadhaa kwa kuwa unapata pia maji ya chini ya ardhi. Ule mwingine unaishi kwa mvua tu. Juu kukinyesha, maji yanashuka na magogo na mawe. Kesho yake watoto wanacheza mpira kwenye mchanga uleule. Tanzania tuna neno tayari, korongo, na kaskazini mwa Kenya wanasema laga. Mwanakijiji akisomewa kwamba mradi utategemea mto wa msimu atatarajia maji ya miezi, na kosa litakuwa la mfasiri.

Kuna pia ephemera, nomino: karatasi zilizochapwa zitumike mara moja zitupwe. Tiketi za basi, mabango ya kampeni, kadi za mchango wa harusi. Maktaba ya Bodleian kule Oxford ina mkusanyo mzima wa vitu hivyo, ulioanzishwa na John Johnson. Hapa nisingehangaika kutafuta neno moja la Kiswahili. Vitaje vitu vyenyewe. Na kwa mwenye simu, mfano ulio karibu zaidi na Kigiriki cha mwanzo ni status ya WhatsApp, inayofutika baada ya saa 24.

Msilivute hadi kusikofika, lakini. Niliwahi kuhariri insha juu ya Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, iliyosema mshairi anaombolezea "the ephemeral city of Pate". Pate ilisimama karne nyingi, ikafanya biashara na kupigana vita kabla ya majumba yake kubaki magofu. Mji wa namna hiyo si wa kutwa. Insha ilihitaji impermanence, kutodumu kwa kila kitu hata kilichojengwa kwa mawe na chokaa, na kwetu "dunia mapito" inatosha kabisa kulieleza.

Kwenye tafsiri, silaha yangu ni kitenzi. Kiingereza hupenda vivumishi, Kiswahili hutembea kwa vitenzi. Fame is ephemeral: umaarufu haukai. Ephemeral beauty: uzuri unaochuja. Ephemeral pleasures: starehe zipitazo. Kwenye kompyuta, ephemeral storage ni hifadhi inayofutika mashine ikizimwa, sentensi ndefu kidogo, lakini fundi hatapoteza data za mtu kwa kuisoma.

Matamshi je? Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema efeme-RA-li. Mkazo uko kwenye fe: i-FE-ma-rol, na ile o ya mwisho imezwe.