Kurudisha chaguo la zipu lililopotea

Dada wa Kirumba, pole. Umesema ukibofya kulia picha zako za dagaa, kwenye Send to chaguo la zipu (la kufunga faili nyingi ziwe kifurushi kimoja) halipo tena, na mteja wa Ukerewe anazisubiri. Tafadhali usikubali fundi akupigie Windows upya kwa hilo!

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:sendto, kisha Enter. Kwenye folda itakayofunguka tengeneza faili tupu la maandishi, ulipe jina zipu.ZFSendToTarget. Hapa ndipo wengi hukwama: ile .txt ya mwisho lazima iondoke kabisa, kwa hiyo kwanza nenda View, weka tiki kwenye File name extensions. Ukiulizwa kama una uhakika, kubali. Aikoni ikigeuka folda yenye zipu, tayari.

Ila picha za JPEG hazipungui sana zikibanwa. Faida yake ni kwamba zinakwenda zote kwa mkupuo mmoja.