Kulanti ya gari kwenye chila ya maabara? Hapana

Ndugu, umeuliza kama kulanti ya gari (kipoza injini) inafaa kwenye chila ya maabara, yaani mashine inayopoza vifaa kwa kuzungusha kimiminika baridi, na kwa nini mtiririko umepungua tangu ushushe joto hadi nyuzi -5 za Selsiasi.

Kulanti ya gari iache. Nyingi zina silikati, ambazo baada ya muda huganda kama jeli, zikaziba mirija myembamba na kuchakaza sili ya pampu, ile inayozuia uvujaji. Tafuta glaikoli (kimiminika kinachozuia maji kuganda) ya viwandani yenye vizuia kutu. Ya propilini ni afadhali. Ya ethilini ni sumu ikinywewa.

Sasa mtiririko. Glaikoli ikipoa huwa nzito, na wengi huizidisha wakidhani wanajikinga. Mchanganyiko wenye 30% ya glaikoli ya propilini huanza kuganda karibu nyuzi -13, kwa hiyo -5 yako iko salama. Ukifika 50%, pampu inahangaika bure. Lakini usishuke chini ya 25%: bakteria hustawi, na ukipitisha kidole ndani ya tangi utakuta utelezi. Changanya na maji yaliyokenekwa, upime kwa rifraktomita (kifaa kinachoonyesha kiasi cha glaikoli majini) yenye skeli ya propilini, maana ya ethilini itakudanganya. Ila kabla hujamwaga chochote, fungua kichujio ukitazame, huenda ndicho kilichoziba.